Kuponi namba 3,106: barua ya wazi kwa wenye rolakosta mpya na waliotia saini kibali chake

Kwenu wakurugenzi na meneja wa uwanja, na kwenu waheshimiwa mliotia saini kibali cha kufungua,

Salaam, na Idi njema ingawa imeshapita.

Jina la uwanja wenu wa burudani, wenye rolakosta, ile treni ya kuchezea inayopanda mlima wa reli na kuteremka kwa kasi, silitaji. Mnajijua, na waliokuwepo siku ile ya Idi pili mliyofungua wanaujua bila msaada wangu. Nawaandikia hadharani kwa sababu barua ya kwanza niliiacha kwenye dirisha la tiketi. Dada aliyeipokea aliiweka chini ya chupa yake ya soda ili isipeperuke, na nadhani iko hapo mpaka leo.

Mkononi nina kuponi. Ni karatasi ya rangi ya chungwa, upana wake vidole vitatu, imepigwa chapa RUHUSA MTU MMOJA na chini yake FEDHA HAIRUDISHWI. Pembeni ina namba: 3,106. Niliinunua saa saba na nusu mchana kwa shilingi 10,000, pamoja na mbili nyingine za watoto wa dada yangu. Malalamiko yangu karibu yote yanatoka kwenye hiyo namba, kwa hiyo nivumilieni nihesabu.

Nisidhaniwe nimeamka tu na hasira za foleni. Miaka minne nilikuwa Ghuba nikifanya kazi ya kuendesha rolakosta kwenye uwanja mkubwa wa burudani. Sikuwa bosi. Nilikuwa yule dada wa kofia anayevuta chuma cha mapajani kuona kama kimeshika, halafu anamwinulia kidole gumba mwenzake aliye kwenye kibanda cha vitufe. Tulikuwa Wakenya, Waganda, Wanepali, Wafilipino na sisi Wabongo wachache, na chumba chetu cha mapumziko kilizungumza Kiswahili kuliko Kiarabu. Nilichorudi nacho nyumbani, ukiacha friji na deni moja, ni tabia ya kuhesabu viti.

Basi foleni yenu ilipotuzungusha mpaka chini ya ngazi za kupandia, nilitoa simu nikaanza kupima. Treni ni moja. Ina mabehewa manne, kila behewa viti vinne, watu 16. Ikiondoka inarudi baada ya dakika moja na nusu. Kushusha hawa, kupandisha wale, kukusanya kandambili na simu, kufunga vyuma na kuvikagua ni dakika tatu na nusu. Jumla dakika tano. Kwa saa moja ni safari 12, mara watu 16, unapata 192. Mashine isisimame hata mara moja, kila mtoto apande bila kulia, bado ni watu 192 kwa saa na hawaongezeki.

Mlitangaza kufungua saa tatu asubuhi. Treni ya kwanza yenye watu wa kawaida iliondoka saa tano, maana mgeni rasmi alichelewa, akaja, pakawa na ngoma, hotuba, utepe, picha na utepe, na picha ya pili kwa sababu ya kwanza mkasi haukuonekana. Kutoka saa tano mpaka saa kumi na mbili jioni mnapofunga ni masaa saba. 192 mara saba ni 1,344. Mimi saa saba na nusu nilikuwa mtu wa 3,106, na nyuma yangu dirisha linauza.

Nilidhani labda namba hazikuanzia moja. Ilipogonga saa nane kijana mmoja alishuka kutoka kupanda, nikamwomba kipande chake kilichochanwa. Kilisoma 498. Hesabu ikakaa sawa. Hata kwa mwendo kamili wa watu 192 kwa saa, mwenye kuponi yangu angeingia kitini kama saa tisa usiku, wakati walinzi wenu wameshalala na popo wameshika zamu.

Shilingi milioni 31 kabla ya saa nane mchana, na zaidi ya milioni 17 kati ya hizo ni za watu ambao mashine yenu haikuwa na uwezo wa kuwabeba siku ile hata kwa miujiza. Jina la biashara hiyo mnalijua. Mimi naliacha.

Najua mtaniambia siku ya kwanza ni siku ya kwanza, hata wakubwa huvurunda. Ni kweli. Disneyland ya California ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955 ilikuwa kwa wageni waalikwa tu, lakini tiketi za kughushi zilisambaa na wanaokadiriwa kuwa 28,000 wakaingia. Joto lilikuwa kali na lami ilikuwa mbichi kiasi kwamba visigino vya akina mama vilizama. Mafundi bomba walikuwa wamegoma, na kwa muda uliobaki Walt Disney alilazimika kuchagua kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Akachagua vyoo, na watu wakalaumu kwamba ni mbinu ya kuwauzia soda. Na tarehe 13 Juni 2019, uwanja wa Universal kule Orlando ulifungua rolakosta ya pikipiki, foleni ikafika masaa 10, na radi zikaisimamisha mashine katikati ya siku.

Lakini tazameni tofauti. Kule Orlando muda wa kusubiri ulitangazwa. Mtu alijua anaingia kwenye foleni ya kutwa nzima, akaamua mwenyewe, na kama hakutaka alikwenda kwenye michezo mingine kwa tiketi ileile. Na wenyewe walipoona mafundi hawapati muda wa kuitazama mashine, kwa wiki kadhaa wakawa wanaifungua mchana badala ya asubuhi. Hasara waliikubali. Nyinyi kwenye geti lenu mlikuwa na bango la mita sita lenye uso wa mgeni rasmi, na hakuna hata kipande cha boksi kilichoandikwa kwa makaa "kusubiri masaa mangapi".

Kule nilikokuwa, rolakosta haikufunguliwa kwa utepe. Kwanza ilizunguka tupu siku nyingi. Halafu ikabebeshwa madoli ya plastiki yaliyojazwa maji, uzito wa mtu mzima, na sisi ndio tuliyajaza kwa mpira wa bustani huku tukiyapa majina ya mameneja. Baada ya madoli tukapanda wafanyakazi, baada yetu familia za wafanyakazi, kisha wageni wachache wa kimyakimya ambao hata hawakuambiwa kuwa ni majaribio. Utepe ulikuja mwisho, na wakati huo kila mmoja wetu alishajua kidole chake kinakwenda wapi taa nyekundu ikiwaka. Vijana wenu wa Idi pili, nilimsikia mmoja akimuuliza mwenzake kitufe cha kufungua vyuma ni kipi.

Nirudi kwenye ngazi, maana pale ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Juu yetu, mbali mbele kwenye foleni, alikuwa bibi mmoja ametoka Mbagala na mjukuu wake wa kike, gauni la njano la Idi, hina mpaka viwiko. Walifika saa moja asubuhi. Saa nane na dakika kumi wakafika juu kabisa, hatua mbili kutoka kwenye kiti, na hapo ndipo palipokuwa na ubao wa kimo: sentimita 120. Mtoto akasimama wima mpaka shingo ikatoa mishipa. Hakufika.

"Hajafika kimo, bibi. Naomba mpishe."

"Mwanangu, si mngetupimia kule chini?"

"Kule chini si kwangu, bibi. Mimi nimewekwa huku."

Kijana hakukosea, na sheria ya kimo si ya mchezo. Chuma kile kimetengenezwa kushika mapaja ya ukubwa fulani, na mtoto mwembamba anaweza kuchomoka. Aliyekosea ni aliyeuweka ubao mwisho wa safari badala ya mwanzo. Ubao mmoja kwenye dirisha la tiketi, pembeni ya dada wa soda, ungemwokoa yule mtoto masaa saba na bibi yake shilingi 20,000. Walishuka ngazi zilezile walizopandia, wakipishana kifua kwa kifua na wanaopanda, kwa sababu njia ya kushukia waliokataliwa hamkuijenga. Bibi alikuwa anasema "samahani, samahani" kwa kila mtu, kana kwamba yeye ndiye aliyewakosea watu.

Saa tisa kasoro umeme ukakatika. Treni ilikuwa katikati ya mlima wa kwanza, watu 16 wametazama mbinguni. Muziki ulizimika, na ule ukimya ulitisha kuliko kelele. Mama mmoja chini akapiga ukunga kwamba itarudi nyuma, wengine wakampokea, na watu wakaanza kusukumana kukimbia reli. Sasa sikilizeni, na mkipenda lirekodini hili mliweke kwenye spika: ile sauti ya ta-ta-ta-ta treni inapopanda ni meno ya chuma chini ya behewa yanayodondokea kwenye ngazi ya reli, moja baada ya jingine. Kazi yake ni kuizuia treni isirudi nyuma hata mnyororo ukikatika. Ndiyo maana pembeni ya mlima pana ngazi za miguu: mafundi wanapanda, wanafungua vyuma kiti kimoja kimoja, wanawateremsha watu taratibu. Ni kazi ya kawaida, tulikuwa tunaifanyia mazoezi kila mwezi. Ilihitaji sentensi moja ya mtu mwenye kipaza sauti cha betri. Tulikaa dakika 40 bila sentensi hiyo. Na jenereta lilipowashwa hatimaye, cha kwanza kuwaka kilikuwa dirisha la tiketi.

Vyoo sivisemi. Vilikuwa vinne.

Umeme uliporudi ndipo nilipoona jambo lililonifanya nichukue kalamu. Msimamizi wenu, mwenye shati jeupe na redio ya mkononi, alisimama kwenye kituo cha kupandia akipiga behewa kofi kama konda: "Pakia, pakia, pakia! Watu wanasubiri!" Kijana wa safu ya nyuma, mwembamba, kofia imemzidi kichwa, akavuta chuma cha kiti cha tatu, akahisi hakikushika vizuri, akanyoosha mkono kukataa treni isiondoke. Msimamizi akamwambia kimeshika. Kijana hakushusha mkono. Akakifungua upya, akakifunga, akakivuta mara mbili, ndipo akainua kidole gumba. Zilikuwa kama sekunde 30, na alitukanwa zote 30.

Jina lake silijui na hata ningelijua nisingeliandika. Lakini nyinyi mnalo kwenye daftari la zamu. Mtafuteni mumwongeze mshahara.

Maana mnajua kilichotokea kwenye uwanja wa burudani wa Alton Towers, Uingereza. Rolakosta yao ya Smiler, yenye mizunguko 14 ya kichwa chini, ilifunguliwa mwaka 2013. Tarehe 2 Juni 2015 kompyuta ilisimamisha treni kwa sababu kulikuwa na behewa tupu la majaribio limekwama mbele kwenye reli. Mafundi hawakuliona, wakadhani kompyuta imekosea, wakapuuza zuio lake na kuiachia treni. Treni yenye watu 16, idadi ileile ya treni yenu, ikaligonga. Wasichana wawili walikatwa mguu kila mmoja. Mwaka uliofuata kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 5, na waliochunguza hawakuwatupia mafundi mzigo: walisema mwenye uwanja ndiye hakuwapa utaratibu wa kufuata. Rolakosta za kisasa zenye treni zaidi ya moja zimejengwa kwa wazo moja, kwamba treni mbili haziruhusiwi kuwa kwenye kipande kimoja cha reli, na mashine hailegezi breki mpaka kipande cha mbele kiwe wazi. Huo ni ulinzi mzuri sana. Unavunjwa na binadamu mwenye haraka, na haraka inaletwa na foleni, na foleni inaletwa na dirisha linalouza kuponi ya 3,106 kwenye mashine ya watu 1,344. Kwa hiyo nikisema punguzeni kuuza, siwaombei watu kivuli tu. Naomba yule kijana asije akapata msimamizi anayepiga kelele kuliko ujasiri wake.

Sasa geti.

Mna geti moja, upana wake kama mlango wa gereji. Saa kumi jioni waliokata tamaa walianza kutoka kwa wingi, na wakati huohuo nje walikuwa wanafika wa jioni, wale wanaosubiri jua lipungue. Wote mlango mmoja. Bodaboda zimeegeshwa mpaka kizingitini, muuza mishkaki ameweka jiko lake la mkaa palepale pembeni, na mgambo wawili wamesimama katikati wakisema "taratibu jamani". Nikiwa na watoto wawili, nilihisi kitu ambacho Ghuba nilikuwa nakisoma kwenye mafunzo tu: miguu yangu haikuamua tena inakwenda wapi. Watu wakizidi watano kwenye mita moja ya mraba, umati unaanza kutembea kama maji, na aliye nyuma hajui kuwa kumsukuma mwenzake kidogo kunafika mbele kama ukuta. Watu wengi wanaokufa kwenye msongamano hawakanyagwi. Wanakufa wamesimama, kifua hakipati nafasi ya kupanuka.

Mpwa wangu mdogo nilimpakata begani. Mkubwa alichukuliwa na baba mmoja nisiyemjua, akarushwa juu ya uzio kwa mtu mwingine nisiyemjua, na kwa kama dakika mbili sikujua yuko wapi. Nilimkuta kwenye kigoda cha muuza maji, amepewa chupa, hajalia. Alinilaumu kwa sababu nimepoteza kiatu chake.

Sisi watu wa nchi hii hatuna udhuru wa kusema hatukujua. Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa Tabora ndani ya ukumbi wa disko toto uliojazwa kupita kiasi. Walikosa hewa. Tangu hapo kila sikukuu ikikaribia tunasikia tangazo la polisi: disko toto marufuku. Waheshimiwa mliosaini, nawauliza bila kejeli: mlipokuja kukagua, mlikagua reli tu au na geti pia? Maana rolakosta yenu imesimama kwenye zege safi, bolti zake zimepakwa alama ya rangi kama inavyotakiwa, nimeziangalia. Hatari ya siku ile haikuwa juu kwenye reli. Ilikuwa kwenye usawa wa barabara, pale kwenye mishkaki.

Ninachotaka si kikubwa. Chapeni kuponi zenye saa: saa nne hadi saa tano, kuponi 180, zikiisha zimeisha, dirisha linafungwa na mtu anaambiwa arudi kesho. Hizo 12 zinazobaki ni za treni itakayochelewa, maana itachelewa. Ubao wa kimo uje kwenye dirisha. Toboeni ukuta wa upande wa nyuma muweke geti la kutokea, lifunguke kwa nje, na asiegeshe mtu hapo hata awe na kibali cha nani. Nunueni kipaza sauti cha betri. Mgeni rasmi mwingine akija, aje jioni ya kuamkia, akate utepe wake, apigwe picha zake, na watu waanze na mashine saa tatu kamili. Na maji ya kunywa yawepo kwenye foleni, mtaona wenyewe kelele zinavyopungua.

Mashine yenu ni nzuri. Nasema kama mtu aliyezisikia nyingi: inapiga kona bila kugongagonga, na ule mteremko wa pili unaotazama upande wa bahari ungemfanya hata bosi wangu wa zamani atabasamu, na hakuwa mtu wa kutabasamu. Ndiyo maana sijachana kuponi.

Ninazo zote tatu, 3,104 hadi 3,106. Najua kilichoandikwa chini yake, lakini fedha siitaki, nataka safari. Mpwa mkubwa nimempima kwa penseli kwenye fremu ya mlango, ana sentimita 131. Mdogo ana 121, bila viatu, nimerudia mara tatu. Tutakuja Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi, na tutauliza kwenye dirisha tunapanda saa ngapi. Mkitujibu kwa saa, nitajua barua ilivuka chupa ya soda.

Wenu,
Mama mdogo wa watoto wawili, aliyekuwa mwendesha rolakosta, Dar es Salaam